UWANJA WETU KANDO YA ZIWA
Historia fupi ya Uwanja wa Ndege wa Bukoba, na kazi iliyobaki kwetu



Kijarida cha harambee kwa kawaida hueleza fedha zinakwenda wapi. Mwaka huu tumeona tuanze nyuma kidogo, tueleze haja yenyewe imetoka wapi. Tutafanya hivyo kwa kusimulia historia ya mahali ambapo karibu kila mmoja wetu amepita: Uwanja wa Ndege wa Bukoba. Wapo tulioshuka pale tukienda harusini, wapo tulioshuka tukisindikiza jeneza, na wengi tumeondoka pale baada ya Krismasi tukiwa na kahawa ya kutafuna na senene ndani ya mizigo. Ni uwanja mdogo, lakini mambo yaliyoupata ni makubwa.

Mji uliofunguliwa na maji

Bukoba haikuanza kama mji wa barabara wala wa reli. Mwaka 1890 Emin Pasha, akiwa katika utumishi wa Wajerumani, alianzisha kituo ufukweni, na tangu hapo mlango mkuu wa mji ukawa ziwa. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, njia yetu ya kwenda baharini ikapita humo: kahawa na ngozi zilipakiwa melini, zikavushwa hadi Kisumu, kisha zikapanda treni. Kwa hiyo kwa miaka mingi Bukoba ilikuwa karibu zaidi na Kisumu na Kampala kuliko Dar es Salaam, ingawa ramani ilituweka upande huu wa mpaka.

Wageni wabaya nao walitumia mlango huohuo. Mwezi Juni 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza lilivuka ziwa kutoka Kisumu, likaushambulia mji na kuvunja mtambo wa mawasiliano ya redio wa Wajerumani. Shabaha yao kubwa ilikuwa mtambo ule. Tangu siku hizo jambo moja lilikuwa wazi: Bukoba iko mbali, na anayeikatia mawasiliano ameiacha peke yake.

Ndege zilipoanza kuhesabiwa kama usafiri wa watu, swali la kwanza lilikuwa zitatua wapi. Mji wetu umekaa kwenye tambarare nyembamba: nyuma yake kuna miamba na vilima, mbele yake kuna maji. Sehemu iliyonyooka vya kutosha ilikuwa palepale ukingoni mwa ziwa. Ndiyo maana uwanja uko hatua chache kutoka mjini, na ndiyo maana ndege nyingi zinazokuja au kuondoka hupita juu ya maji zikiwa chini chini. Uchaguzi huo wa ardhi umeamua mambo mengi yaliyofuata.

Mabomu ya 1978

Wazee wetu hawahitaji kukumbushwa. Oktoba 1978 ndege za kivita za Idi Amin zilifika juu ya Bukoba na kuangusha mabomu. Madhara yake kwa majengo hayakuwa makubwa, lakini vioo vilipasuka na watu wakakimbilia vijijini. Siku chache baadaye majeshi ya Amin yaliingia kaskazini mwa mto Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Mkoa ambao ulikuwa na njia chache ukabaki na njia chache zaidi.

Vita vilipokwisha mwaka 1979, mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera. Mwaka 1977, kabla ya vita hivyo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, na shirika la ndege la East African Airways likafa pamoja nayo. Air Tanzania ikaanzishwa mwaka huohuo. Kwa mji kama wetu maana yake ilikuwa kwamba njia za zamani za kupitia Uganda na Kenya zilifungwa au zikawa ngumu, huku njia za ndani ya nchi zikiwa bado hazijajengwa. Tukabaki na meli, basi la siku nyingi, na ndege ndogo zilizoweza kutua kwenye udongo.

Meli ilipozama

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Meli hiyo ilisajiliwa kubeba abiria 430, lakini waliopoteza maisha walizidi 800. Hakuna kijiji cha Kagera ambacho hakikulia. Hatutarudia yote, bali tutataja jambo moja kwa sababu linahusu kazi ya mwaka huu.

Meli ile ilipinduka lakini haikuzama mara moja. Ilielea kichwa chini, na waliofika karibu walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Ikaamuliwa itobolewe ili waliomo watolewe. Tundu lilipopatikana, hewa iliyokuwa ikiibeba meli ikatoka, na chombo kikashuka chini. Wazamiaji wa kutoa miili walitoka hadi Afrika Kusini. Waliotoboa walikuwa na nia njema kabisa. Kilichokosekana ni ujuzi, vifaa, na mtu aliyeandaliwa kuamua katika dakika kama zile.

Baada ya msiba huo wengi waliiogopa meli. MV Victoria iliendelea kutuvusha, nayo baadaye ikasimama miaka kadhaa hadi ilipokarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020. Katika kipindi hicho ndege iligeuka kutoka kuwa usafiri wa wakubwa na kuwa usafiri wa dharura wa kila familia iliyoweza kuchanga. Safari ya usiku kucha kwa meli, au ya kutwa nzima kwa basi kutoka Mwanza, kwa ndege ni chini ya saa moja. Mgonjwa wa Bugando, mwanafunzi aliyefiwa na mfanyabiashara wa vanila wote walianza kukutana kwenye uwanja uleule wa udongo.

Udongo, lami na jengo jipya

Kwa miaka mingi barabara ya kutua na kuruka ndege ilikuwa ya udongo na changarawe. Tunaokumbuka tunajua vumbi la Julai na matope ya Aprili. Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na ni miongoni mwa miji inayonyeshewa zaidi nchini. Uwanja wa udongo kwenye mvua hiyo maana yake ni safari kuahirishwa, na rubani kurudi Mwanza na abiria waliokwisha kuuona mji kwa macho.

Mabadiliko yalikuja baada ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania kuanzishwa mwaka 1999, na hasa kupitia mradi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliohusisha pia viwanja vya Kigoma na Tabora. Barabara ya kurukia ikawekwa lami, maegesho ya ndege yakajengwa, na jengo jipya la abiria likasimama. Novemba 2017 Rais John Magufuli aliuzindua uwanja huo. Wakati huo ndege za ATR za Precision Air na Q400 za Air Tanzania zilikuwa zikitua, na ndege ndogo za Mwanza zikiendelea na safari zake.

Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Hata hivyo, lami haikubadilisha mahali. Barabara ya kurukia ina urefu wa takribani mita 1,500. Ile ya Kilimanjaro ina mita 3,600. Uwanja wetu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani, na kwenye hewa nyepesi ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa. Kurefusha njia ni shida kwa sababu upande mmoja kuna maji na upande mwingine kuna mji. Hii ndiyo sababu Serikali imekuwa ikizungumzia uwanja mpya Omukajunguti, wilayani Missenyi, ambako kuna nafasi. Mazungumzo hayo yamechukua miaka mingi.

Tarehe 6 Novemba 2022

Asubuhi ya Jumapili hiyo, ndege ya Precision Air namba PW 494 ilitoka Dar es Salaam kuja Bukoba. Ilikuwa ATR 42-500 yenye watu 43: abiria 39, marubani 2 na wahudumu 2. Kulikuwa na mvua na hali mbaya ya hewa. Ikiwa karibu na uwanja ilianguka ziwani, si mbali na ufukwe. Watu 24 walitoka hai. Watu 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Kesho yake miili iliagwa katika Uwanja wa Kaitaba mbele ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa.

Sababu za ajali ni kazi ya wachunguzi, nasi hatutaingia humo. Tunachotaka kukumbuka ni nani walifika kwanza. Mlango wa nyuma ulipofunguka, waliowapokea abiria majini walikuwa wavuvi wenye mitumbwi na makasia. Kijana mmoja wao, Jackson Majaliwa, alijulikana nchi nzima, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji likamchukua kwa mafunzo na ajira. Lakini hakuwa peke yake, na wengi wa wenzake walirudi kwenye nyavu zao bila jina gazetini. Baadaye siku hiyo wananchi walishika kamba pamoja na askari kuivuta ndege kuelekea nchi kavu. Picha zile za watu wengi kwenye kamba moja tulizitazama kwa machozi, na pia kwa swali: mbona ni kamba na mikono?

Dakika tatu

Kuna kanuni za kimataifa za viwanja vya ndege, zinazotolewa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Ni vizuri kuzielewa kwa lugha ya kawaida, maana zinatusaidia kujua la kuuliza.

Kwanza, zimamoto la uwanja hupangwa kwa madaraja kulingana na urefu na upana wa ndege zinazotua. Ndege ya mita 22 kama ATR 42 huhitaji daraja dogo. Ndege ya mita 32 kama Q400 huhitaji daraja la juu zaidi, lenye magari zaidi na maji mengi zaidi. Lengo lililowekwa ni gari la kwanza kufika popote kwenye barabara ya kurukia ndani ya dakika 3.

Pili, mwishoni mwa barabara ya kurukia panatakiwa eneo la usalama, ardhi tupu iliyosawazishwa, ili ndege iliyopitiliza isivunjike. Kwa viwanja vinavyopokea ndege kubwa kiasi, kiwango cha chini ni mita 90 na kinachopendekezwa ni mita 240. Kwenye uwanja uliobanwa na maji, kila mita ya eneo hilo ni ya kupigania.

Tatu, na hili ndilo letu: pale uwanja ulipo karibu na maji, na ndege zinapopita sana juu ya maji hayo zikitua au kuruka, kanuni zinataka kuwe na huduma na vifaa maalumu vya uokoaji vinavyofaa mazingira hayo. Gari la zimamoto, hata liwe jipya namna gani, huishia ufukweni. Kuanzia hapo dakika 3 ni za boti.

Na hatari ya ziwa letu ina wakati wake. Usiku, upepo hutoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa, ambako maji bado yana joto. Hewa hupanda, mawingu ya radi hujengeka, na upepo wa kutoka mashariki huyasukuma kuja upande wa magharibi, yaani kwetu. Ndiyo maana Bukoba mara nyingi hunyeshewa kati ya usiku na asubuhi, saa zilezile ambazo ndege ya kwanza inakaribia na wavuvi wa dagaa wanarejea. Rubani na mvuvi wanakabiliwa na wingu moja. Katika ziwa zima inakadiriwa kwamba kati ya watu 3,000 na 5,000 hufa maji kila mwaka, wengi wao wavuvi na wasafiri wa mitumbwi ambao misiba yao haitangazwi.

Mwanza ndiko kuliko na mradi wa kituo cha kuratibu uokoaji kwa ajili ya ziwa. Tunakipokea kwa furaha. Lakini kutoka Mwanza hadi Bukoba, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 180. Kituo kinaweza kupokea simu na kuamuru. Hakiwezi kufika ndani ya dakika 3. Atakayefika ni yule aliye ufukweni.

Kazi iliyobaki

Tukiitazama historia hii yote, tunaona mwenendo mmoja. Kila kizazi kiliushughulikia uwanja kama mahali pa kufikia: lami ili ndege itue, jengo ili abiria asinyeshewe, maegesho ili ndege zipishane. Yote yalihitajika. Lakini upande wa maji, uliokuwapo kabla ya lami na jengo, tuliuachia bahati na ushujaa wa wavuvi. Mwaka 1996 ushujaa bila ujuzi ulishindwa. Mwaka 2022 ushujaa uliokoa watu, na ungeweza kufanya kazi kwa urahisi zaidi kama mikononi mwa wale vijana kungekuwa na kitu zaidi ya kasia.

Umoja wetu hauwezi kujenga barabara ya kurukia, wala hatupaswi kujidanganya. Kurefusha njia, kuweka taa na mitambo ya kuongoza ndege, kununua magari ya zimamoto na boti za uokoaji za uwanja, kuamua kuhusu Omukajunguti: hayo ni ya Serikali na mamlaka zake, na wajibu wetu ni kuyaulizia kwa heshima na bila kuchoka, kupitia madiwani na wabunge wetu. Wapo wenzetu waliopendekeza tuchangie mapambo na bango la kuwakaribisha wageni uwanjani. Wazo lina nia njema. Tunaomba lisubiri.

Kinachowezekana kwetu ni kuwaandaa watu wa mialo iliyo jirani na uwanja. Vikundi vya usimamizi wa uvuvi, BMU, vipo tayari, vina viongozi, na vinajua nani yuko majini kila asubuhi. Tunaomba harambee ya mwaka huu iwapatie mambo manne.

1. Mafunzo chini ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji: namna ya kumtoa mtu majini, huduma ya kwanza kwa aliyekunywa maji, na zaidi ya yote, nini kisifanywe kwenye chombo kilichozama nusu kabla mwenye ujuzi hajafika. Funzo la tundu la MV Bukoba lisipotee na wazee wetu.

2. Jaketi okozi, kamba imara, maboya ya kutupa, tochi, shoka na nyundo za kuvunjia vioo, vikae kwenye kibanda kimoja chenye funguo kwa watu wanaojulikana, na vikaguliwe kila baada ya miezi mitatu.

3. Injini ya boti na mafuta ya akiba ambayo hayaguswi kwa shughuli nyingine. Mafuta yakitumika uvuvini, siku ya shida boti itakuwa pambo.

4. Namba moja ya simu na orodha ya zamu, iliyokubaliwa na uongozi wa uwanja, polisi wa majini, hospitali ya mkoa na BMU, pamoja na zoezi la pamoja angalau mara moja kwa mwaka. Watu wanaokutana kwa mara ya kwanza siku ya ajali hugombana kuhusu nani anaamuru.

Vifaa hivi havitasubiri ndege. Katika mwaka wa kawaida vitamwokoa mvuvi aliyepinduliwa na dhoruba, mama aliyetoka kisiwani na mtoto mgonjwa, na vijana wanaoogelea Jumapili. Ndiyo maana tunasema fedha yake haitalala.

Babu zetu walipoanzisha Bahaya Union mwaka 1924, na baadaye chama cha ushirika cha kahawa, hawakusubiri Serikali ya mkoloni ifanye kila kitu. Walichagua walichoweza, wakachanga, wakaweka daftari la mapato na matumizi mbele ya watu. Nasi tutafanya vivyo hivyo: kila shilingi itasomwa kwenye mkutano mkuu, pamoja na orodha ya vifaa na majina ya waliovipokea.

Ndugu zangu, Desemba inakuja. Wengi wetu tutapanda ndege asubuhi na mapema, tutaviona visiwa, kisha miamba ya Bukoba, kisha maji yaliyo karibu sana na bawa. Chini yetu kutakuwa na mitumbwi ikirudi mwaloni. Tuhakikishe kwamba waliomo ndani yake wana walichokosa mwaka ule. Fomu ya mchango iko ukurasa wa mwisho, na waweka hazina wa matawi wanayo stakabadhi.